Mita Moja, Milango Kumi na Miwili

Katika ploti nyingi za Kayole, Dandora, Umoja na Pipeline, mwezi hauishi bila swali hili: ni nani aliyemaliza tokeni? Jumatatu wapangaji wamechanga, Alhamisi mita imeanza kulia, na kufikia jioni milango yote kumi na miwili iko gizani. Mwenye friji anamtazama mwenye koili ya kuchemsha maji. Mwenye koili anamtazama kijana wa spika kubwa. Mama mwenye balbu moja na redio anauliza kwa nini analipa sawa na hao wote, na hakuna anayeweza kumjibu, maana hakuna aliyepima. Vikundi vilivyoweka akiba pamoja miaka na miaka vimewahi kugawanyika kwa ajili ya stima ya shilingi mia mbili.

Makala hii inaeleza njia moja ya kuumaliza ugomvi huo: kila mlango uwekewe mita yake ndogo, mita hizo ziunganishwe kwa waya mmoja, na hesabu yake ifike mahali pamoja ambapo kila mpangaji anaweza kuiona. Si kazi ya wakubwa peke yao. Ploti yenye fundi wa stima aliye na leseni ya EPRA, na kijana mmoja anayeelewa kompyuta, inaiweza. Kazi hii ikiharibika, mara nyingi haiharibikii kwenye waya. Huharibikia pale ambapo mtu mmoja peke yake ndiye anayeiona hesabu.

Kwa nini mita ya pamoja ni ghali

Wengi hawajui kwamba kutumia mita moja watu wengi kunapandisha bei yenyewe ya stima, hata kama hakuna anayeiba. Kenya Power huwapanga wateja wa nyumbani katika madaraja, kwa kuangalia wastani wa matumizi ya miezi mitatu. Kwa viwango vilivyoanza Aprili 2023, mteja asiyezidi yuniti 30 kwa mwezi alitozwa shilingi 12.22 kwa yuniti. Wa kati ya 30 na 100 alitozwa 16.30. Aliyepita 100 alitozwa 20.97. Hiyo ni bei ya msingi tu, kabla ya gharama ya mafuta, marekebisho ya fedha za kigeni, ushuru mwingine na VAT ya asilimia 16. Viwango hivi hupitiwa upya mara kwa mara.

Sasa tuchukue ploti ya milango 12, kila mlango ukitumia yuniti 20 kwa mwezi. Hawa wote ni watu wa matumizi madogo. Kila mmoja angekuwa na mita yake ya Kenya Power, wote wangekuwa daraja la chini. Lakini mita ni moja, nayo inaona yuniti 240. Inawahesabu kama tajiri mmoja mwenye nyumba kubwa. Kwa viwango hivyo vya 2023 tofauti ni shilingi 8.75 kwa kila yuniti, yaani shilingi 2,100 kwa mwezi kwa ploti nzima, au shilingi 175 kwa kila mlango. Maskini anatozwa bei ya mwenye nacho kwa sababu tu amekaa karibu na maskini wenzake.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, kaeni na mwenye ploti mwulize kama kila mlango unaweza kuombewa mita yake ya Kenya Power. Mahali inapowezekana, hiyo ndiyo dawa ya kweli, na hamna haja ya kusoma zaidi. Mita ndogo hazitawarudisha daraja la chini. Kazi yake ni kugawanya mzigo kwa haki na kuonyesha stima inapopotelea. Hata hilo si dogo, kama tutakavyoona.

Mita ndogo inavyohesabu

Mita ndogo hufungwa kati ya mita ya Kenya Power na nyumba ya mpangaji. Haina uhusiano na Kenya Power. Ni mali ya ploti. Usoni kuna namba zinazopanda na kitaa chekundu kinachomweta. Soma maandishi madogo: mara nyingi utaona 1600 imp/kWh. Maana yake kitaa hicho kikimweta mara 1600, yuniti moja imekwisha. Yuniti moja ni kifaa cha wati 1000 kikiwaka saa moja kamili.

Hebu tupige hesabu kidogo, maana watu hudhani mla stima ni taa. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa tano kila siku inamaliza yuniti 1.35 kwa mwezi. Koili ya wati 1000, nusu saa tu kila asubuhi, inamaliza yuniti 15. Koili moja ni sawa na balbu kumi na moja. Kijana wa spika huenda amelaumiwa bure.

Kwa kitaa hicho hicho mnaweza kuijaribu mita bila chombo chochote. Zima kila kitu nyumbani, hata chaja ya simu. Kitaa kikiendelea kumweta, kuna mtu amejiunga baada ya mita yako, au waya unavujisha. Kisha washa koili ya wati 1000 peke yake na uhesabu dakika tatu. Kwenye mita ya 1600 utapata miweto karibu 80. Itapungua au kuzidi kidogo, kwa sababu nguvu ya stima ya Eastlands hupanda na kushuka, hasa saa za jioni. Lakini ukipata 40 au 120, rudisha mita dukani. Unaponunua tafuta iliyoandikwa Class 1, ambayo kosa lake halizidi asilimia moja katika matumizi ya kawaida.

Kuziunganisha mita

Mita ndogo za kawaida husomwa kwa macho. Mtu anapita na daftari mlango kwa mlango. Zikiwa za kuunganishwa, zinahitaji mdomo wa kusemea, na mdomo huo huandikwa RS485 ubavuni mwa mita. Katika maduka ya Luthuli na River Road utaona mita nyingi zinazofanana kwa sura; nyingine zina mdomo huo na nyingine hazina. Uliza kabla ya kulipa. Uliza pia kama lugha yake ni Modbus, na kama karatasi ya maelezo yake imo ndani ya boksi. Bila karatasi hiyo kijana wenu wa kompyuta atahangaika wiki nzima.

Mpango wenyewe ni huu. Waya mwembamba wenye nyuzi mbili zilizosokotwa unatoka mita ya kwanza, unaingia ya pili, unaingia ya tatu, hivyo hivyo hadi ya mwisho, kama shanga kwenye uzi mmoja. Usiutawanye kama matawi ya mti, kila tawi likienda mlango wake. Ukifanya hivyo mita za mbali zitasikika leo na kesho zinyamaze. Uzi wa A uende A, wa B uende B. Ukizigeuza hakuna kitakachoungua, ila mita hiyo haitajibu. Kila mwisho wa uzi hufungwa rezista ya omu 120. Uzi mmoja unaweza kufika hata mita 1,200 kwa mwendo wa kawaida, na kubeba vyombo 32, kwa hiyo ploti ya Kayole ni ndogo sana kwake. Usiupitishe ndani ya paipu moja na waya za stima.

Mwanzoni mwa uzi kuna kisanduku kinachouliza maswali. Kinafanya kama mwalimu anayeita majina asubuhi: namba moja, umefika wapi? Namba moja inajibu. Namba mbili? Kwa hiyo kila mita lazima ipewe namba yake, kati ya 1 na 247, na zote ziwekwe mwendo mmoja wa kuzungumza, kwa kawaida 9600. Mita mbili zikipewa namba moja zote hujibu kwa pamoja na hakuna kinachosikika. Hili ndilo kosa la siku ya kwanza karibu kila mahali. Andikeni namba kwa kalamu ya wino juu ya kila mita kabla haijapanda ukutani.

Kisanduku kinaweza kuwa cha kununua, chenye laini ya simu ndani. Kinaweza pia kuwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, yenye ukubwa kama wa kitambulisho, iliyoanza kuuzwa Uingereza mwaka 2012. Watu wa OpenEnergyMonitor huko Wales wametengeneza programu iitwayo Emoncms inayochora matumizi ya stima kwa saa na kwa siku, nao huitoa bure. Kuuliza mara moja kila saa kunatosha kabisa. Mita 13 zikisomwa mara 24 ni mistari 312 kwa siku, maneno machache sana. Bando dogo la data litatosha mwezi mzima. Kiwekeeni kisanduku betri ndogo. Stima ikipotea mita hazisahau hesabu yake, lakini kisanduku kisichozimwa vizuri huharibika.

Mnashangaa nimesema mita 13 na milango ni 12? Ya kumi na tatu ndiyo muhimu kuliko zote.

Mita mama na pengo

Mita ya Kenya Power haiguswi. Usivunje lakiri yake, usifunge chochote kabla yake. Lakini mara tu baada yake, kabla waya haujagawanyika kwenda milangoni, fundi afunge mita yenu kubwa inayobeba mzigo wa ploti nzima. Tuiite mita mama. Kila mwezi jumlisha watoto 12, kisha utoe jumla hiyo kwenye mita mama. Kinachobaki tukiite pengo.

Pengo haliwezi kuwa sufuri. Tuseme mita mama imesoma yuniti 271 na watoto wote 240. Pengo ni 31. Tulieleze. Taa nne za korido na geti, wati 9 kila moja, saa 12 kila usiku: yuniti 13 kwa mwezi. Pampu ya maji ya wati 750, nusu saa kwa siku: yuniti 11 na kitu. Mita zenyewe nazo hula, kama wati moja hivi au pungufu kila moja, usiku na mchana: kwa mita zote, karibu yuniti 7. Jumla 31. Pengo limeelezwa, na mkutano unaweza kwenda kwenye ajenda nyingine.

Mwezi ujao pengo likiwa 70, kuna jambo. Hapa ndipo kuunganisha mita kunalipa gharama yake, kwa sababu daftari lingewaambia tu kwamba yuniti zimepotea, lakini kisanduku kinawaambia zimepotea saa ngapi. Pengo likipanda kila siku kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, na kushuka Jumapili, tazameni kama kuna kinyozi au mchomelea vyuma ukutani kwenu aliyejiunga kabla ya mita. Likiwa sawasawa usiku kucha, wala halishuki hata saa tisa usiku watu wamelala, mwiteni fundi aangalie waya unaovuja, maana huo siku moja utaua mtu au kuwasha moto. Likipanda wakati pampu inanguruma, basi ni pampu, na labda tangi linavuja. Katika hali zote hizo mmeanza na saa, hamkuanza na jina la mtu. Ploti iliyoanza na jina la mtu haitasikiliza namba tena.

Kugawanya pesa

Risiti ya tokeni inaonyesha shilingi mlizolipa na yuniti mlizopata. Gawanya moja kwa nyingine, hiyo ndiyo bei ya yuniti ya ploti yenu kwa mwezi huo, ushuru wote ukiwa ndani. Tuseme mlilipa shilingi 7,588 mkapata yuniti 271: kila yuniti ni shilingi 28. Mama wa balbu na redio ametumia yuniti 6. Analipa 168. Pengo la yuniti 31 ni shilingi 868. Likigawanywa milango 12 anaongeza kama 72. Jumla yake ni shilingi 240. Kwa mtindo wa zamani wa kugawanya sawa angelipa 632. Hizo shilingi 392 kwa mama anayeuza sukuma si kitu cha kupuuza.

Bei iwe hiyo hiyo ya risiti, isiongezwe. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 inataka leseni kwa anayefanya biashara ya kuuza umeme. Ploti inayogawana bili yake isijigeuze duka la stima. Gharama ya vifaa na bando iandikwe peke yake, mchango wake ujulikane. Maana waya zote baada ya mita ya Kenya Power ni za mwenye ploti, makubaliano yawe ya maandishi, na yaseme mita ni za nani mpangaji akihama.

Nani ana ufunguo?

Wauzaji wengi watawaletea aina nyingine: mita ndogo za tokeni. Kila mpangaji ananunua tokeni zake kwa simu kutoka kwa kampuni iliyofunga mita, na zikiisha mlango wake peke yake unazima. Zina faida yake, hakuna kuchanga wala kudaiana. Lakini ulizeni mambo mawili. Kwanza, kampuni inakata shilingi ngapi kwa kila mia? Pili, funguo za siri za kutengenezea tokeni zinakaa kwa nani, na kampuni ikifunga itakuwaje?

Swali hilo la pili si la kubuni. Tokeni ya namba 20 hubeba ndani yake muda ilipotengenezwa, ukihesabiwa kwa dakika tangu Januari 1993. Nafasi ya hesabu hiyo ni dakika milioni 16 na kitu, karibu miaka 32, nayo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Mtakumbuka Kenya Power ilivyotangaza kampeni ya kusasisha mita mwaka huo, na kila mteja akapewa seti mbili za namba za kuingiza kabla ya tokeni yenyewe. Mita ndogo za mtindo huo nazo zilihitaji namba hizo, na wa kuzitoa ni yule mwenye funguo. Ploti iliyonunua mita kutoka kwa mtu asiyepatikana tena kwa simu ilibaki na chuma ukutani.

Mita nyingine, za tokeni na zisizo za tokeni, zina swichi ndani inayoweza kuzimwa kutoka mbali. Mtu ameketi Westlands anabonyeza, mtoto wa shule wa Korogocho anafungiwa kitabu. Kama hamwezi kuzipata zisizo na swichi, kubalianeni mapema ni nani anaruhusiwa kuzima, baada ya siku ngapi za onyo, na ni mlango gani hauzimwi kamwe. Nyumba yenye mgonjwa wa mashine ya oksijeni, au insulini ndani ya friji, isiguswe kwa deni la stima. Deni lina njia nyingine za kudaiwa.

Halafu kuna suala la kuchunguliana. Hesabu ya kila saa inasema mengi kuliko stima. Inaonyesha mtu anaamka saa ngapi, ametoka lini, nyumba iko tupu usiku gani. Mwizi angeilipia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua habari zake zinachukuliwa kwa kazi gani na zinaonwa na nani. Kwa ploti tunashauri hivi: jumla ya mwezi ya kila mlango, mita mama na pengo vibandikwe getini, kila mtu asome. Hesabu ya saa kwa saa ya mlango mmoja aione mwenye mlango huo tu. Hesabu ya saa ya pengo, hiyo ni ya wote. Neno la siri la kompyuta liwe na watu wawili, mmoja wa wapangaji na mmoja wa upande wa mwenye ploti. Asiye na simu kubwa apate yake kwa karatasi au SMS.

Pa kuanzia

Msinunue kisanduku mwezi wa kwanza. Nunueni mita mama na mita za milango zenye mdomo wa RS485, fundi azifunge swichi kuu ikiwa imezimwa, kisha mzisome kwa daftari miezi miwili. Wasome wawili kila mara, tarehe ile ile, saa ile ile, na mwenye mlango atie sahihi. Mtajua kama mita zinasoma sawa na kama watu wenu wanakubali namba. Kikundi kisichoweza kujaza daftari hakitasaidiwa na kompyuta. Kitapata tu jambo la bei kubwa zaidi la kugombania.

Mwezi wa tatu vuteni waya na mlete kisanduku. Ombeni bei kwa watu watatu, na kila mmoja aandike kama vifaa vitaendelea kufanya kazi hata mkiachana naye. Wiki ya kwanza endeleeni na daftari sambamba na kompyuta. Asubuhi ya kufungua, simameni wote mbele ya ubao wa mita, msome namba za usoni kwa sauti, mlango wa kwanza hadi wa kumi na mbili na mita mama, huku kijana akisoma zile za kwenye skrini. Zisipolingana hata moja, simamisheni kazi hapo hapo mpaka ilingane. Zikilingana, zote 13 ziandikwe kwenye karatasi moja, watie sahihi waliopo, na nakala moja ibaki kwa mwenye ploti, ya pili kwa kikundi, ya tatu getini.